Kompyuta za magemu za mkononi: wanatuuzia nguvu, tunachokosa ni muda

Fremu40 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila wiki swali ni lile lile: "Kifaa kipi cha mkononi kina nguvu kuliko vyote?" Majibu yanamiminika: fremu ngapi (yaani picha ngapi kwa sekunde) kwenye gemu gani, prosesa ya kizazi kipi. Baada ya mwezi aliyeuliza anarudi analalamika. Betri inakata kabla hajamaliza misheni, feni inavuma, kifaa kimeshaishia kabatini. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja, leo nimeona niyaweke yote mahali pamoja.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Kifaa cha mkononi hakinunuliwi kwa nguvu, kinanunuliwa kwa muda: muda wa betri, muda wa kutoka kubonyeza hadi kucheza, na miaka ambayo kitaendelea kutengenezeka kikiharibika. Tasnia ya teknolojia kwa sasa inakimbilia upande mwingine kabisa, na inatuburuza nayo.

Mimi nimetokea kwenye kompyuta ya mezani. Nimezijenga kwa mikono yangu, nimechanika vidole kwenye kingo za keisi, nimekesha nikijiuliza kwa nini RAM haisomeki hadi nikagundua upande mmoja haujazama kwenye sloti. Naipenda mpaka leo. Lakini huu mwaka wa pili inakaa wiki nzima haijawashwa, na sababu ni kitufe kimoja tu.

Juzi usiku nilikuwa kwenye pambano gumu, nimebakiwa na robo ya damu, adui ameinua shoka. Mtoto akalia. Nikabonyeza kitufe cha juu mara moja, skrini ikazima, nikaenda kumbembeleza. Nilirudi kesho yake jioni. Nikabonyeza tena, zikapita sekunde chache, shoka liko hewani vile vile, na kidole gumba kikaanza kutafuta batani ya kukwepa kabla sijakumbuka vizuri nilikuwa wapi. Mashine ya mezani ningeiwasha, ningesubiri mfumo, ningesubiri duka la magemu lijisasishe, ningeingia akaunti ya pili ya kampuni iliyotengeneza gemu, ningetazama nembo nne zikipita, ndipo nifike kwenye menyu. Mtu mwenye nusu saa ya kucheza hana dakika kumi za kuitupa kwenye nembo.

Sasa tuje kwenye wati, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika.

Steam Deck ya kwanza, kifaa cha kampuni ya Valve, ilitoka Februari 2022, betri yake wati-saa 40. Chipu yake imefungiwa kati ya wati 4 na 15. Ongeza skrini, feni, Wi-Fi na vinginevyo, ukiipeleka puta kifaa kizima kinavuta wati 20 na kitu. Hesabu ni ya darasa la nne: 40 gawanya kwa 22 unapata saa moja na dakika 49. Hakuna prosesa itakayokuokoa na hesabu hiyo.

Kuna jambo nililifanya usiku mmoja ambalo limebadilisha kabisa namna ninavyocheza. Nilikuwa kwenye gemu la kutembea msituni, nimewasha zile namba za kona ya skrini zinazoonyesha fremu na wati. Fremu zilikuwa zinarukaruka kati ya 48 na 60, wati 22. Nikaweka kikomo cha fremu 40, na skrini nayo nikaishusha hadi 40Hz, yaani ijichore mara 40 kwa sekunde, ili viende pamoja. Wati zikateremka mbele ya macho yangu: 19, 16, zikatulia 13. Feni ikanyamaza hadi nikasikia mlio wa batani zenyewe. Kwa wati 13, betri ile ile inakupa saa tatu na dakika tano.

Wengi wakisikia 40 wanaona ni karibu na 30 kuliko 60, yaani mwendo wa kujikongoja. Macho hayaoni hivyo. Fremu 30 kwa sekunde maana yake kila fremu inakaa milisekunde 33.3. Fremu 60 ni milisekunde 16.7. Fremu 40 ni milisekunde 25 kamili, katikati hasa ya hizo mbili. Ukiwa na 40 umeshapata nusu ya ulaini wa 60, na betri inakushukuru. Ndiyo asili ya jina langu humu, kwa waliokuwa wanauliza.

Tena angalia watengenezaji wenyewe walifanya nini waliporudi mara ya pili. Steam Deck ya OLED ilipotoka Novemba 2023, uwezo wa kuchora ulibaki karibu pale pale. Walichobadilisha ni betri ikawa wati-saa 50, chipu ikatengenezwa kwa nanomita 6 ili isile umeme mwingi, na skrini ikawa bora. ASUS nao: ROG Ally ya 2023 ilikuja na prosesa ya Z1 Extreme yenye nguvu kuliko Deck, betri wati-saa 40. Mwaka uliofuata wakatoa Ally X. Prosesa ile ile, betri wati-saa 80. Wameshajua watu wanalilia nini, ila kwenye matangazo bado wanaimba nguvu.

Upande wa pili wa dunia hii kuna kadi ya michoro ya Nvidia, RTX 5090, iliyotoka Januari 2025 kwa dola 1,999, na inavuta hadi wati 575 peke yake. Mwaka 2017, GTX 1080 Ti ilikuwa kadi ya juu ya GeForce kwa dola 699 na wati 250. Bei imekaribia kuzaa mara tatu, umeme umezidi mara mbili. Nauliza kwa dhati: furaha yetu nayo imezidi mara ngapi?

Karibuni.

---

Mezani Daima

Mkuu Fremu40, uzi una nyama, lakini umeionea kompyuta ya mezani.

Kwanza, kuna magemu ambayo kwenye skrini ya inchi saba hayachezeki. Mimi ni mtu wa magemu ya mikakati, yale ya ramani kubwa, majedwali ya kodi na majeshi. Niliazima kifaa cha mkononi kwa wiki mbili. Maandishi ya jedwali ilibidi nikisogeze hadi karibu na pua, na kuchagua kikosi kimoja kati ya ishirini kwa analogi (kile kifimbo cha kidole gumba) ni kama kushona kwa glavu. Kipanya hakijapata mbadala.

Pili, umesema miaka ya kutengenezeka. Hapo mezani inashinda na haina mpinzani. Mwaka 2017 nilinunua ubao mama wa AM4 na prosesa ya AMD, Ryzen ya kizazi cha kwanza. Mwaka 2022 AMD walipotoa 5800X3D, nikasasisha BIOS, nikachomoa prosesa ya zamani, nikapachika mpya kwenye ubao ule ule, nikapata kama mashine nyingine. Keisi ile ile, sapulai ya umeme ile ile. Nitajie kifaa kimoja cha mkononi ambacho utabadilisha prosesa baada ya miaka mitano.

Tatu, hizo wati 575 ni za kadi moja ya juu kabisa, na wanaoinunua ni wachache. Usiipime jamii nzima kwa kipimo cha 5090.

---

Fremu40

Mezani Daima, la kwanza nimelikubali lote. Magemu ya mikakati mikubwa, na yale ya kulenga kwa kasi mtandaoni, mahali pake ni mezani. Mtu akiniambia hayo ndiyo anayocheza, namwambia asinunue cha mkononi hata akipewa punguzo.

La pili umenishika. RAM na prosesa kwenye vifaa hivi zimechomelewa kwenye ubao, ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho siku ya mwisho. SSD, yaani hifadhi, inabadilika kwa vingi, na analogi pia, tutamsikia fundi. Kwenye RAM sina utetezi.

La tatu ndipo nabaki na neno. Kadi ya juu hainunuliwi na wengi, kweli, lakini ndiyo inayoweka kipimo cha tasnia. Magemu makubwa yanaonyeshwa kwenye mashine za namna hiyo, yanajaribiwa huko kwanza, kisha sisi wa chini tunaambiwa tuwashe DLSS au FSR, zinazochora picha ndogo kisha kuikuza, ili tufikie fremu 60. Teknolojia hizo ni nzuri sana, mimi mwenyewe nazitumia kila siku. Zilikuja kama msaada kwa mashine dhaifu. Sasa gemu linatoka na orodha ya mahitaji ambayo tayari imehesabu msaada huo ndani yake, na gongo limegeuzwa kuwa mguu.

Na historia ipo. Mwaka 1989 Nintendo walitoa Game Boy, mkono wa mbunifu wao Gunpei Yokoi na timu yake. Skrini ya kijivu cha kijani, haina taa, haina rangi. Mwaka uliofuata Sega wakaja na Game Gear: rangi, taa ya nyuma, kila kitu kinang'aa. Kwa picha iliiacha Game Boy mbali. Ila ilikula betri sita ndogo kwa saa chache, wakati Game Boy kwa betri nne inakwenda zaidi ya saa kumi. Game Boy, ukijumlisha na ile ya rangi iliyofuata, iliuza zaidi ya milioni 118. Yokoi alikuwa na falsafa ya kuchukua teknolojia iliyokwisha kukomaa na kuwa rahisi, kisha kuitumia kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Aliitambua hesabu ya betri kabla wengi wetu hatujazaliwa.

---

Nuru ya Skrini

Naunga mkono hoja ya fremu 40. Nimejaribu sasa hivi nikiwa nasoma. Nimekaa kimya muda wote nikidhani kifaa changu kimechoka, kumbe nilikuwa nakichosha mwenyewe.

---

Msafiri wa Usiku

Mleta uzi umegusa kidonda changu kwenye suala la kulala na kuamka.

Kifaa changu cha kwanza, jina nitalihifadhi, kilikuwa na mfumo wa kompyuta za kawaida. Nguvu ilikuwepo. Siku moja nilibonyeza kikalala, nikakitia kwenye begi lake gumu, nikasafiri saa nne. Nilipofungua zipu hewa ya moto ilinipiga usoni. Feni inazunguka ndani ya begi, plastiki ya nyuma haishikiki, betri asilimia 6. Kiliamka chenyewe njiani, nadhani kilikuwa kinajisasisha. Niliketi nimekishika kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa, nikajua tatizo haliko kwenye chuma.

Baadaye nikaweka Bazzite, ambayo ni Linux iliyotengenezwa kwa ajili ya magemu. Chuma kile kile kikawa kifaa kingine: kinalala, kinaamka, begi linabaki la baridi. Na nimefurahi kuona Lenovo mwaka 2025 wametoa Legion Go S yenye SteamOS, mfumo wa Linux wa Valve, kutoka kiwandani, cha kwanza kisicho cha Valve wenyewe. Microsoft nao Oktoba 2025, kwenye ROG Xbox Ally, wameleta hali ya skrini nzima inayoruka sehemu kubwa ya mazingira ya mezani ili kuokoa RAM. Ushindani ndio uliowaamsha.

Swali langu kwako mkuu: hivi Linux imewezaje? Miaka ile ilikuwa ukitaja magemu na Linux sentensi moja watu wanakuangalia.

---

Fremu40

Msafiri, pole sana kwa lile begi. Umeuliza jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye uzi huu, kwa hiyo nivumilieni.

Mwaka 2015 Valve walijaribu Steam Machines, kompyuta za sebuleni zenye SteamOS ya zamani. Zilianguka. Sababu kubwa ni kwamba waliwategemea watengenezaji waje wenyewe kuandika magemu yao upya kwa ajili ya Linux, na mtengenezaji hawezi kutumia miezi kwa wateja wachache namna ile.

Safari ya pili waligeuza swali. Badala ya kumwomba mtengenezaji abadilike, wakaifanya Linux iongee lugha ambayo gemu tayari inaijua. Kulikuwa na mradi wa Wine, watu wa kujitolea wanaukunja na kuukunjua tangu 1993, ambao kazi yake ni kupokea maombi ya programu za Windows na kuyajibu kwa njia ya Linux. Gemu likisema "nifungulie faili hili," Wine inalifungua kwa kutumia Linux, gemu halijui liko wapi. Kilichobaki ni michoro. Magemu ya Windows yanachora kwa Direct3D, Linux haina hiyo, ina Vulkan. Ukaja mradi wa DXVK, unaotafsiri maagizo ya Direct3D kwenda Vulkan papo kwa papo. Valve wakavifunga pamoja, wakaviita Proton, wakaitoa Agosti 2018. Deck ilipofika 2022, miaka mitatu na nusu ya kurekebisha ilikuwa imeshapita.

Faida nyingine haizungumzwi sana. Magemu ya kisasa hukwama kidogo kila unapofika eneo jipya kwa sababu kadi inaandaa shedari, programu ndogo za kuchora, kwa mara ya kwanza. Kila kompyuta ya mezani ina kadi yake na dreva yake, hivyo kila mtu anaandaa zake. Deck zote zina chipu ya familia moja, kwa hiyo Steam, duka la magemu la Valve, inaweza kukutumia shedari zilizokwisha kuandaliwa pamoja na gemu. Kuna magemu yalitoka yakikwamakwama kwenye mashine za maelfu ya dola huku kwenye Deck yanateleza.

Kasoro yake niiseme bila kificho, maana kuna watu wataumia. Magemu ya mtandaoni yenye programu nzito za kuzuia wadanganyifu mengi hayafanyi kazi. Fortnite haichezeki kwenye SteamOS. Valorant haichezeki. Apex Legends ilikuwa inachezeka, mwishoni mwa 2024 wakawafungia watumiaji wa Linux. Easy Anti-Cheat na BattlEye zilishaandaliwa kufanya kazi na Proton tangu 2021, lakini ni lazima mwenye gemu akubali kuiwasha, na wengine wamekataa. Kama marafiki zako wote wako Fortnite, SteamOS itakutenga nao. Nunua chenye Windows, uvumilie mengine.

---

Fundi Skrubu

Nimeitwa, nimefika.

Kinachovileta vifaa hivi kwenye meza yangu kuliko chochote ni analogi kutembea yenyewe. Mtu anasema mchezaji wake anakwenda kushoto bila kuguswa. Ndani ya analogi za kawaida kuna kipande kidogo kinachosugua juu ya njia ya kaboni, na umeme unaopita unaiambia mashine fimbo imeelekea wapi. Kusugua ni kusugua. Baada ya saa nyingi kaboni inalika, unga wake mweusi unatapakaa, na mashine inaanza kusoma mwelekeo ambao haupo. Ukiifungua ile boksi ndogo na kumulika kwa tochi, unaona kabisa mfereji uliochimbika upande ambao mwenyewe anapenda kukimbilia. Mara nyingi ni wa mbele.

Analogi za sumaku, hizi wanazoziita Hall, hazigusani. Sumaku inasogea, kihisi kinapima. Hakuna cha kulika hapo. Siku hizi kuna aina ya TMR pia, sumaku vile vile, ila inakula umeme kidogo zaidi na inasoma kwa usahihi. Mtengenezaji anayeweka kaboni kwenye kifaa cha bei ya juu leo anajua anachokifanya, na mimi hilo linaniudhi kwa sababu namwona mteja anavyohesabu hela yake mbele yangu.

Valve kwa upande wa kufunguka nawapa haki yao. Deck ina skrubu nane nyuma, analogi imekaa kwenye kipande chake peke yake, haihitaji kuchomelea. Tangu 2022 vipuri vinauzwa kupitia tovuti ya iFixit pamoja na maelekezo, na michoro ya umbo la nje wameiachia wazi. Betri ndiyo imegandishwa kwa gundi nyingi kupita kiasi, hapo walikosea.

Ombi moja kwa wanaojifungulia nyumbani: TOA KADI YA MEMORI KABLA YA KUFUNGUA KAVA. Kwenye Deck ya kwanza kadi inakatika vipande viwili ukibandua kava ikiwa ndani. Nimeziona nyingi sana, na ndani yake seti nzima ya magemu ya mtu.

---

Mtunza Kaseti

Mnazungumzia miaka ya kifaa, mimi nataka miaka ya gemu lenyewe. Kifaa kinaweza kudumu miaka kumi, gemu likazimwa mwaka wa tatu.

Kuna gemu la magari, The Crew, lilitoka 2014. Lilihitaji seva muda wote hata ukicheza peke yako. Machi 31, 2024 Ubisoft wakazima seva, na waliokuwa wamelinunua wakabaki na diski isiyofungua chochote. Mwezi uliofuata Ross Scott akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games. Anachodai ni kidogo sana: mkiacha kulihudumia, liacheni katika hali ambayo aliyelinunua anaweza kulicheza. Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja. Mimi nimefurahi kiasi ambacho siwezi kueleza, kwa sababu sasa wabunge wa Ulaya nao wanaulizwa maana ya neno "nunua".

California walishaliuliza. Sheria yao iliyosainiwa Septemba 2024 na kuanza Januari 2025 inalitaka duka la mtandaoni liseme wazi kwamba unachopata ni leseni kama haliwezi kukupa nakala ya kukaa nayo daima. Ndiyo maana Steam siku hizi wanakuandikia hivyo kwenye kikapu.

Hata kadi za kuchomeka zimeingiliwa. Switch 2 ilipotoka Juni 2025, baadhi ya magemu yamekuja kwenye kadi ambayo ndani ina ufunguo tu, gemu lenyewe unalipakua. Siku seva ikizimwa, umeshika plastiki.

Kwa hiyo Fremu40, ongeza hapo kwenye vipimo vyako. Gemu likipatikana kwenye duka la GOG bila kufuli, mimi nalinunua huko, napakua kisakinishi, nakihifadhi kwenye diski mbili. Ni kazi, na SteamOS haikurahisishii. Naifanya.

---

Mwandika Kodi

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Natengeneza magemu kwa kazi, kampuni sitazitaja.

Kwetu sisi kifaa cha mkononi kilileta kitu tulichokikosa kwenye kompyuta: shabaha isiyotikisika. Kompyuta za watu zina mchanganyiko usio na mwisho, kwa hiyo mkubwa wa mradi akisema "mashine za wachezaji zitaongezeka nguvu" unakosa la kumjibu. Deck ikija mezani unamwonyesha: hiki hapa, RAM gigabaiti 16, skrini 1280 kwa 800, tunazidi milisekunde 9 kwa kila fremu, zitoke wapi? Nimeshiriki kikao cha namna hiyo. Tuliishia kugundua nyasi zilizo nyuma ya mlima, ambazo hakuna mchezaji angeziona, zilikuwa zinachorwa kila fremu. Tulipozitoa, gemu likawa jepesi kwa kila mtu, mwenye kadi kubwa na mwenye ndogo.

Ninachowaomba mkijue ni hali ya watu wanaofanya kazi hiyo ya kupunguza milisekunde. Oktoba 2023 Microsoft walikamilisha kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Januari 2024 wakapunguza watu 1,900 kwenye kitengo cha magemu. Mei mwaka huo wakatangaza kufunga Tango Gameworks, studio iliyokuwa imetoa Hi-Fi Rush mwaka mmoja tu nyuma, gemu ambalo wachezaji walilipenda sana. Mtu anayejua injini ya gemu kwa miaka minane akiondoka, anaondoka na sababu ya kila mstari wa ajabu ulioko mle ndani. Gemu linalofuata linatoka zito, mnatulaumu, na mna haki. Lakini aliyejua zile nyasi ziko nyuma ya mlima hayupo tena.

Na RAM. Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya RAM na SSD kwa watu wa kawaida, ili nguvu zao ziende kwenye memori za vituo vya data vya akili bandia. Watengenezaji wakubwa wa memori duniani ni watatu, Samsung, SK Hynix na Micron. Laini ya kiwanda inayotengeneza HBM, memori ya kasi kubwa, kwa ajili ya seva haitengenezi RAM yako kwa wakati huo huo. Vifaa vya mkononi vinaumia mara mbili hapa, kwa sababu prosesa na sehemu ya michoro vinakula chungu kimoja cha memori. Ukiipunguza ili kushusha bei, vyote viwili vinakosa.

---

Fremu40

Mwandika Kodi, asante sana. Zile nyasi nitazikumbuka.

Kwenye RAM nakazia. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizikomba kadi za michoro mara mbili, na tulipumua Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji. Safari hii anayegombea na sisi ana fedha nyingi zaidi na hachukui kadi tu, anachukua memori, na memori iko kwenye kila kitu. Ndiyo maana napinga ushauri wa "subiri kizazi kijacho, kitakuwa na nguvu na bei itashuka". Nilikuwa nausema mimi mwenyewe. Kwa hali hii nimeuacha. Aliye na kifaa kinachofanya kazi akitunze, abadilishe analogi, asafishe feni, aweke kikomo cha fremu.

Mtunza Kaseti, nimeongeza. Sikuwa nimeliweka kwenye vipimo vyangu kabisa na nilipaswa.

---

Mgeni Mpya

Shikamooni wakubwa. Sina kifaa cha mkononi, nina laptopu ya kawaida yenye skrini ya 120Hz. Nataka kununua ila baada ya kusoma uzi huu naogopa kukosea. Nianzie wapi?

---

Fremu40

Marahaba. Anza na hiyo laptopu, usitoe hela bado.

Chukua gemu moja unalolipenda. Shusha ubora wa picha hadi 1280 kwa 720, weka michoro ya kati, weka kikomo cha fremu 40. Skrini yako ya 120Hz inafaa sana kwa jaribio hili, maana 120 inagawanyika kwa 40 bila baki, kila fremu inakaa mizunguko mitatu kamili. Kwenye skrini ya 60Hz ungeona mitetemo na ungehukumu vibaya. Unganisha pedi, usiguse kipanya wala kibodi. Skrini ya laptopu ni kubwa, kwa hiyo cheza kwenye dirisha dogo badala ya skrini nzima, uone kama maandishi unayasoma.

Cheza hivyo kwa siku saba. Kila siku andika mahali dakika ulizocheza kweli na dakika ulizosubiri kuingia kwenye gemu. Andika pia ni magemu yapi uliyatamani ukashindwa kwa sababu ya pedi, na yapi hayana namna bila intaneti.

Halafu urudi na karatasi yako, tukusomee pamoja. Mezani Daima naye awepo, kama gemu lako ni la ramani kubwa yeye ndiye atakayekushauri vizuri kuliko mimi.